Ujamaa na jinsia ni mambo mawili

Mhariri,

Naomba nafasi niichangie makala yenu kuhusu ujamaa, ubepari na haki za watu waliobadili jinsia. Hapa Ngamiani, Tanga, gazeti lenu lilipita mkono kwa mkono barazani hadi likapata duara la kikombe cha kahawa, na kila aliyelisoma alidai kwamba suala la kubadili jinsia limeletwa na mfumo wa uchumi asioupenda yeye.

Dai hilo halisimami. Kuba ya kijamaa iliidhinisha upasuaji wa kubadili jinsia katika huduma zake za afya za umma mwaka 2008, na Argentina, yenye uchumi wa soko, ilipitisha sheria ya utambulisho wa jinsia mwaka 2012. Sisi nasi tulitaifisha mashamba ya mkonge baada ya Azimio la Arusha la 1967, kisha tukayabinafsisha. Wazee wa hapa wanayakumbuka yote mawili, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jinsia ya mtu ilijadiliwa shambani.

Napendekeza mtenganishe mijadala hii: kuhusu mgawanyo wa mali waandike wachumi, na kuhusu haki za watu waliobadili jinsia, ambao tunawasema sana bila kuwasikiliza, waandike wanasheria na madaktari, pasipo matusi.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga