Shukrani kwa aliyenielekeza kwenye Argo CD

Wewe uliyenijibu bila hata kuuliza mimi ni nani, ahsante sana. Nilitaka tu kujua namna ya kuipa seva ya kujengea programu funguo za klasta ya Kubernetes (kundi la kompyuta zinazoendesha huduma zetu) ili itume matoleo mapya. Ukanionyesha njia bora zaidi: Argo CD, programu ya kusambaza matoleo, ikae ndani ya klasta yenyewe, iisome repo ya Git (hazina ya mafaili ya mipangilio yetu), ilinganishe kilichoandikwa na kinachoendeshwa. Funguo hazitoki nje.

Ulichonieleza kwa subira zaidi ni kwamba hata usawazishaji wa kiotomatiki ukiwashwa, prune (kufuta kwenye klasta kilichoondolewa kwenye Git) na selfHeal (kurekebisha kilichobadilishwa kwa mkono kwenye klasta) hubaki zimezimwa mpaka uziwashe mwenyewe. Kumbe ndiyo maana huduma zilizokwisha kufutwa kwenye Git zilikuwa bado zinaendelea kufanya kazi! Na ukasisitiza, tena kwa herufi kubwa, kuwa base64, ambayo ni namna tu ya kuandika data kwa herufi nyingine, haifichi nywila.

Sasa toleo likiharibika, tunafanya git revert, yaani kutengua badiliko hilo kwenye Git. Argo CD huichungulia repo kila baada ya dakika 3 hivi, na klasta inarudi ilikokuwa. Wenzangu wote wananufaika. Hukudai chochote, hata jina hukuacha. Mungu akuzidishie.