Baba, nimefaulu kuongea na mgonjwa

Leipzig, Ujerumani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu yangu ni kwenu hapo Tanga. Mama magoti yanaendeleaje?

Nimefaulu mtihani wa lugha ya kazi. Jana usiku nilipiga simu nikaambiwa umeshalala, nikaona niandike, maana lile neno lako la mwaka jana bado liko moyoni. Ulisema, "Mtu kasoma Muhimbili miaka minne, ana shahada ya famasi, halafu wanampima kuongea? Wanakudharau." Nilinyamaza kwa kuwa hata mimi niliona hivyo. Sasa sioni hivyo.

Cheti cha B2, ngazi ya nne kati ya sita za lugha, nilichopata taasisi ya Kijerumani ya Goethe, pale Upanga, ni cha Kijerumani cha kawaida. Mfamasia hudaiwa kingine, cha lugha ya kazi, kiwango cha C1, ngazi moja juu ya B2. Mtihani ni dakika 60: dakika 20 unaongea na mgonjwa wa kuigiza, 20 na daktari au mfamasia mwenzio, 20 unaandika.

Mara ya kwanza nilifeli sehemu ya mgonjwa. Mzee mwenye miwani alisema kichwa kinamuuma, anataka aspirini, naye ana presha na anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Hatari ya kuchanganya dawa hizo mbili niliijua kabla hajamaliza. Nikamweleza yote kwa maneno ya kitabuni, presha nikaiita Hypertonie. Akanitazama, akauliza polepole, "Hiyo ni nini?" Watu hapa husema Bluthochdruck. Neno hilo nilikuwa nalo, Baba, ila niliogopa kuonekana sikusoma.

Nikijiandaa tena nikalikumbuka dirisha la dawa la mwaka wangu wa mafunzo kazini. Darasani tulisoma kwa Kiingereza, dirishani tukahudumia kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwambia bibi wa Pangani "shinikizo la damu". Tulisema presha, tukasema sukari. Kwenye bahasha ya dawa tuliandika 1x2, kisha tukamwonyesha kwa kidole: "Moja asubuhi, moja usiku, ukishakula." Akirudia vibaya, tunaanza upya. Kumbe kazi wanayonipima huku ndiyo ile ile.

Na maneno yao yana mitego. Nüchtern ni kuwa na tumbo tupu, na pia ni kutokuwa umelewa. Kwa hiyo anayepewa dawa ya tezi ya shingo namwambia pia, "Nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kwa maji matupu."

Safari hii alikuja mama ambaye mtoto wake ana homa. Nikamuuliza uzito wa mtoto kabla ya kutaja dawa yoyote, nikamweleza, nikamwomba anirudie maelezo. Akarudia sawasawa, neno kwa neno. Mikono yangu ikaacha kutetemeka.

Bado kuna mtihani wa ujuzi, kwa kuwa shahada yangu si ya Umoja wa Ulaya, na humo kuna sheria zao za dawa. Kwa sasa naomba kibali cha muda, nifanye kazi chini ya usimamizi.

Hapo nakuhitaji. Mwombe Kaka anifuatilie barua ya Baraza la Famasi, Dodoma, inayothibitisha kwamba nimesajiliwa na sina kosa la kitaaluma. Asiichukue mapema mno. Wanataka iliyotoka ndani ya miezi mitatu. Nitampigia Jumamosi nimwambie lini.

Mwanao,
Zuhura