Miaka 22 niliandika "mkulima"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nikiri kosa ambalo hakuna aliyewahi kunishtaki nalo.

Nilikuwa mtunza kumbukumbu za wagonjwa katika kituo kimoja cha afya hapa Arusha kwa miaka 22, mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa dirishani: jina, umri, kijiji, jina la balozi, na mstari wa mwisho kabisa, "Kazi". Foleni ikishafika mlangoni, mstari huo nilikuwa siuulizi, naujaza kwa macho. Aliyekuja na kanga na kandambili, mkulima. Aliyechomekea shati, biashara. Kijana mwenye mfuko wa rambo, mkulima. Mwenye suti nilimpa kalamu ajaze mwenyewe.

Ukiyafungua majalada yangu leo utadhani Arusha nzima inashika jembe. Humo hakuna mpiga dawa wa shamba la maua, hakuna mama mponda kokoto, hakuna fundi wa kuchomelea mageti, wala mwanaapolo, yaani mchimba madini, hata mmoja. Mtafiti akija kutafuta kina nani wanaumwa nini, na kazi gani iliwaumiza, atakuta nilishampotezea njia zamani.

Siku moja kwenye foleni hiyo alisimama kaka yangu, anakohoa. Nikamwamkia, nikachukua kadi. Ndugu wa tumbo moja, nimuulize nini? Shamba la baba lipo na migomba ipo, nikaandika mkulima. Na huyu alikuwa amechimba kwenye migodi ya tanzanite ya Mererani miaka 14! Kila Krismasi aliporudi nyumbani, mikunjo ya shingo yake iling'aa kama ncha ya penseli, na shuka alilolalia tulilifua mara tatu kwa sabuni ya mche bila kutakata. Mng'ao ule ni wa kinywe, madini yale yale yanayotengenezewa penseli, nayo yamejaa kwenye miamba ya tanzanite. Penseli niliyoandikia "mkulima" ilikuwa ya kinywe pia. Nimeliwaza sana hilo tangu nistaafu.

Kinywe angalau unakiona. Vumbi la silika, linalotoka mwamba unapotobolewa mkavu na kulipuliwa, lile la hatari zaidi halionekani kwa macho: chembe zake hazifiki sehemu moja ya mia ya milimita, na kitambaa cha kufunga puani hakizizuii. Zikifika chini kabisa ya pafu, pafu linaota makovu, ugonjwa unaoitwa silikosisi. Hakuna dawa ya kuyaondoa. Tena pafu lenye makovu hayo linakaribisha kifua kikuu, ndiyo maana magonjwa haya mawili hudhaniwa kuwa moja, na pengine yanakaa yote kwenye kifua kimoja.

Kaka alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita, kwa uaminifu kuliko nilivyotegemea. Akapumzika kidogo, kikohozi kikarudi. Akaanzishiwa tena, safari hii na sindano kila siku. Makohozi yakipimwa hayaonyeshi kitu, lakini ngazi tatu za kanisani zinamshinda. Mpaka daktari mmoja, mgeni kabisa, alipoishika picha ya kifua mbele ya dirisha na kumuuliza: "Baba, umewahi kuchimba?" Kaka akasita. Alidhani anaulizwa mambo ya kodi.

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliwashauri wenzake wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Na karibu na sisi, Kimberley, Afrika Kusini, kwenye hospitali ya kifua kikuu, walikuwapo wagonjwa waliotibiwa na hawakupona. Madaktari wakaanza kuwauliza wamekulia wapi na wamefanya kazi gani. Mwaka 1960 wakachapisha habari za watu 33 wenye saratani ya utando wa mapafu. Wote isipokuwa mmoja walionekana kuwa na uhusiano na madini ya asbesto, na wengine hawakuwahi kuchimba, waliishi tu karibu na machimbo. Dunia iliijua hatari hiyo kwa sababu mtu aliuliza na mwingine akaandika.

Sisi wa Arusha upande wa maji tuna bahati ya ajabu, kama ni bahati. Mtu wa Maji ya Chai au Ngurdoto akicheka tu tunajua alikunywa maji ya wapi utotoni, maana floridi iliyomo kwenye maji hulichora jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya ufizi. Meno yanajieleza bila kuulizwa. Pafu halichekei mtu.

Najua watafiti wamewapima wachimbaji wa Mererani, na hospitali ya Kibong'oto kule Siha wanayafahamu haya kuliko mimi. Ila mwanaapolo akiishiwa pumzi hakai Mererani. Anarudi kwao, Singida, Babati, huku kwetu Moshono, na kwenye dirisha la zahanati ya kwao anageuka mkulima. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza mwaka 2015, ni jambo jema, lakini ni wa walioajiriwa. Kaka hakuwa na mkataba wala hati ya mshahara. Alikula chakula cha mgodini na kusubiri mgawo siku jiwe likitoka. Karatasi pekee ambayo ingeonyesha alikuwa chini miaka 14 ni ile kadi niliyoijaza mimi.

Ombi langu kwa wanaopanga fomu za hospitali ni dogo. Mstari wa "Kazi" uwe na maneno haya: umewahi kufanya kazi gani, wapi, miaka mingapi. Na anayekaa dirishani aambiwe ni wa nini; mimi sikuambiwa, nikauona kama wa kupamba kadi.

Kaka yupo. Analala ameketi, na amehesabu hatua za kwenda chooni: 31, anapumzika mara mbili njiani. Mwezi uliopita nami nilikwenda kupima presha. Siku hizi ni kompyuta. Kijana akabofya "Mstaafu" bila kuinua macho. Nikamwambia, mwanangu, andika nimekaa miaka 22 kwenye chumba cha mafaili kisicho na dirisha la nje, vumbi mpaka kwenye chai. Akacheka kwa adabu.

"Shikamoo mama. Hapa hamna pa kuandika."

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Moshono, Arusha