Tarumbeta lisilo na vibonyezo si punda

Mhariri,

Jumapili iliyopita mwandishi wenu wa safu ya utamaduni aliwacheka wanamuziki wa Ulaya wanaopiga kazi za mtunzi Mjerumani Bach na wenzake wa zama za Baroki (karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18) kwa ala za zama hizo hizo: fidla za nyuzi za utumbo wa kondoo, filimbi za mbao, tarumbeta lisilo na kibonyezo hata kimoja. Kasema ni sawa na kupanda punda kwenda Dar es Salaam na mabasi yapo. Nami nilicheka. Lakini nimepuliza tarumbeta usharikani miaka thelathini na mbili, na hapo kwenye tarumbeta nina neno.

Matarumbeta ya KKKT, kanisa letu la Kilutheri, huku kwetu hayakuota mgombani. Wamisionari wa Leipzig, mji wa Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na Leipzig ndiko Bach alikofanya kazi kuanzia 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Basi nilipokwenda huko na ujumbe wa ushirikiano wa sharika, nilijiona kama mtu aliyepelekwa kuonyeshwa kwa babu yake. Jioni moja tulisikiliza kikundi cha ala za kale, na walipomaliza mpiga tarumbeta akaniruhusu nilishike lake.

Bomba lile likinyooshwa linapita mita mbili. Nililiweka mdomoni, na vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia vikaanza vyenyewe kutafuta vibonyezo, vikawa vinabonyeza hewa. Kilichotoka ni sauti ya ndama aliyepotezana na mama yake. Yule bwana hakucheka. Nadhani amekwisha kuwaona wengi wa aina yangu.

Asiyepuliza huenda hajui kwamba bomba tupu halitoi kila noti. Huku chini linakupa do, so, do, mi, so, zimeachana kama miti ya uzio. Ukitaka ngazi inayofuatana inabidi upande juu kabisa, na huko noti zimebanana kiasi kwamba mdomo ukilegea kidogo umeshaangukia kwa jirani. Ya 11 kutoka chini ndiyo mtihani wenyewe: si fa, si fe (fa iliyopandishwa nusu), imekaa katikati, na mpigaji anaivuta kwa midomo tu. Ladha ya hali hiyo niliwahi kuionja. Kuna msiba mmoja vibonyezo vyangu viligandamana (enzi hizo tulivipaka mafuta ya cherehani), nikamaliza wimbo mzima kwa noti tatu, marehemu anisamehe.

Bach alizijua noti hizo na ukaidi wake wote. Tarehe 22 Agosti 1723, miezi mitatu tu baada ya kuhamia Leipzig, kwaya yake iliimba kantata (utungo wa kanisani wa waimbaji na ala, wenye vipande kadhaa) ambayo leo ni namba 77. Katika kipande cha tano sauti ya alto inakiri kwamba upendo wake kwa Mungu umejaa upungufu mtupu. Anayeisindikiza ni tarumbeta, na Bach kaliandikia noti ambazo bomba tupu halina. Wataalamu wanabishana hadi leo kama mpigaji alishika tarumbeta la kuvuta, ambalo bomba lake hurefushwa kwa mkono, au la bomba tupu. Mimi nilisikia likipigwa kwa bomba tupu: noti zinakuja zimefifia, nyingine zinachechemea, na mwimbaji pale pale anaungama kuchechemea kwake. Mpe kazi hiyo mtu wa vibonyezo, kila noti itatoka imenyooka na kung'aa, na huo upungufu utabaki kwenye maneno peke yake. Sasa nani kafika Dar?

Tena kuna suala la nani anasikika. Katika ile konseto ya pili ya Brandenburg, kazi ya Bach ya ala tupu ya mwaka 1721, wanne wanaongea kwa zamu: tarumbeta, filimbi ya mbao, obo (ambayo ni ndugu wa zumari) na fidla. Kwa tarumbeta la leo filimbi inamezwa, mpaka mafundi wa mitambo waiokoe. La bomba refu, likipulizwa kule juu na mtu anayejua, linaweza kunong'ona.

Wala hao waliopuliza zamani hawakuwa wakicheza. Gottfried Reiche, mkuu wa wapuliza ala wa mji wa Leipzig, alianguka njiani na kufa tarehe 6 Oktoba 1734, akiwa na miaka 67. Usiku uliotangulia alikuwa amepiga kantata ya Bach hadharani mbele ya mfalme, na waliokuwepo walisema kilichommaliza ni kule kupuliza na moshi wa mienge.

Jambo moja nampa mwandishi wenu, tena bila kinyongo. Si kila kinachoitwa cha kale ni cha kale. Tarumbeta nililolishika lilikuwa na vitundu vidogo ubavuni, vya kuziba kwa kidole, ili zile noti sumbufu zikae sawa. Vitundu hivyo ni ubunifu wa karne ya 20, na wapigaji wengi wa leo wanavitumia. Nilipomwuliza yule bwana, alitabasamu akakifunika kimojawapo kwa kidole gumba. Hapo wacheke, wamestahili. Lakini mwanamuziki wa Austria Nikolaus Harnoncourt na mkewe Alice, walipoanzisha kikundi chao cha Concentus Musicus kule Vienna mwaka 1953, walijifungia na ala hizo miaka minne kabla ya kutoa tamasha la kwanza mwaka 1957. Mtu hajifungii miaka minne kwa ajili ya mzaha.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu akitafute hicho kipande cha tano cha kantata namba 77, akisikilize kikipigwa kwa tarumbeta la vibonyezo, kisha kwa la bomba tupu. Halafu mumpe tena safu yake ya Jumapili.

Mpiga tarumbeta mstaafu,
Machame, Kilimanjaro