Barua ya wazi kwa walimu vijana wa historia: mlango wa Roma ulifunguliwa na nani?

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Andalio la somo mlilonitumia nilipitie, lile la Ugiriki na kukua kwa Roma, nimelisoma mara mbili. Limepangwa vizuri. Ila limenikumbusha kosa langu mwenyewe, ndiyo maana nawaandikia wote kwa pamoja, hadharani.

Miaka mingi mada hii niliifundisha kwa chaki nyekundu. Naichora Italia ubaoni, naipaka rangi, halafu kwa kiganja naisukuma ile rangi ivuke bahari mpaka Makedonia, mpaka Athene. Roma ilikuwa na nguvu, ikameza. Kengele inalia, tunatoka. Siku moja binti wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani Warumi mlango walifunguliwa na nani?" Nikamwambia akae chini, maana jibu sikuwa nalo.

Walifunguliwa na Wagiriki wenyewe, tena si mara moja. Anzeni na Naupactus, mji wa Ugiriki, mwaka 217 KK. Philip wa Tano, mfalme wa Makedonia, na Waetolia, muungano wa Wagiriki wa magharibi, wamekutana kumaliza vita vyao. Anasimama Agelaus, mtu wa mji huo huo, anawaambia watazame mawingu yanayotanda magharibi: Roma na Karthago, dola ya Afrika Kaskazini, zinapigana kule, na atakayeshinda hatatosheka na Italia na Sisilia. Wakapatana. Miaka miwili baadaye Philip akafunga mkataba na Hannibal, jemadari wa Karthago, na haukupita muda Waetolia, watu wale wale wa Agelaus, wakaenda kwa Warumi. Masharti yao yaandikeni ubaoni kwa herufi kubwa: miji na ardhi itakayotekwa ni ya Waetolia; vinavyobebeka, watu wakiwemo, ni vya Warumi. Yaani jirani achukuliwe yeye na watoto wake, wao wabaki na kuta. Hapo msipite haraka.

Mwaka 201 KK zamu ikawa ya Rodo, kisiwa cha Wagiriki, na Pergamo, ufalme wa Asia Ndogo: wajumbe wao walikwenda Roma kumshtaki Philip. Vita vya Roma na Philip vilivyofuata msivipe zaidi ya dakika kumi. Pale Cynoscephalae, 197 KK, ile safu ya mikuki mirefu ya Makedonia ilishambuliwa kwa nyuma ikavunjika, basi.

Muda wenu uwekeni kwenye michezo ya Isthmia, karibu na Korintho, mwaka uliofuata. Watu wamefurika kutazama mashindano. Tarumbeta inalia, mpiga mbiu anatangaza kwa jina la Seneti, baraza kuu la Roma, na la jemadari Flamininus kwamba watu wafuatao wako huru, bila kambi ya askari, bila kodi, kwa sheria zao wenyewe. Orodha inaanza na Wakorintho. Wengine hawakusikia, wengine hawakuamini masikio yao, ikabidi mbiu irudiwe. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa baadaye, anasimulia kuwa kwa ukubwa wa kelele kunguru waliokuwa wakiruka juu walidondoka uwanjani. (Kunguru hao wanafunzi hawatawasahau, watumieni.) Wanariadha hakuna aliyewatazama tena, na Flamininus nusura asongwe afe na waliotaka kumshika mkono.

Mwaka 194 KK jeshi lote likarudi Italia. Hapa darasa litachanganyikiwa, na mliache lichanganyikiwe kidogo. Askari wameondoka, mbona nguvu ya Roma inazidi? Inazidi kwa mashtaka. Mji ukigombana na jirani juu ya mpaka, hauiti kikao naye, unatuma wajumbe Roma. Sparta hivyo, Waakaya, muungano wa miji ya kusini mwa Ugiriki, hivyo. Callicrates, mjumbe wa Waakaya, alifika mbele ya Seneti akawashauri Warumi wawabebe wale Wagiriki wanaoegemea kwao. Ushauri huo ulitoka kinywani mwa Mgiriki.

Kufikia 168 KK fimbo moja ilitosha. Mfalme Antiochus wa Nne wa Siria yuko Eleusis, karibu na Aleksandria, na jeshi lake, Misri anaiona kiganjani. Anakuja Popillius Laenas, mjumbe wa Roma. Mfalme ananyoosha mkono wa salamu. Popillius anampa barua ya Seneti kwanza: ondoka Misri. Mfalme anasema atashauriana na rafiki zake. Popillius anachora duara mchangani kumzunguka, anamwambia ajibu kabla hajatoka humo. Akajibu, akaondoka. Ndipo wakapeana mikono.

Na wale waliofungua mlango? Rodo ilinyang'anywa mapato ya bandari yake pale Roma ilipoifanya Delos, kisiwa kingine, bandari isiyo na ushuru. Waakaya 1,000 walipelekwa Italia, mwanahistoria Polybius akiwa mmojawapo. Wengi walifia huko. Kisha ugomvi wa Waakaya na Sparta ukafika tena Roma, wajumbe wa Roma wakatukanwa Korintho, na mwaka 146 KK Mummius, jemadari wa Roma, akauteka mji huo. Wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa, nyumba zikachomwa. Ni ule ule uliotajwa wa kwanza kwenye orodha ya mbiu, miaka 50 nyuma.

Ulibaki magofu mpaka 44 KK, Julius Caesar alipoanzisha hapo mji wa walowezi wake. Korintho hiyo mpya ndiyo Paulo aliyoiandikia nyaraka, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeliuliza hilo, kwa hiyo mjiandae.

Ile ramani yangu ya wino mwekundu iliyomo kwenye daftari nililowaachia, ukurasa huo uchaneni.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Tanga