Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utamaduni: naomba mswada wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kwanza, maana adabu haijapigwa marufuku.

Barua nilizoleta ofisini kwako ziligongwa muhuri wa kupokelewa, zikaishia hapo. Kwa hiyo leo nakuandikia mbele ya watu, baada ya yale ya Ijumaa. Viti vilikuwa vimepangwa, maikrofoni imejaribiwa, akaingia kijana wa ofisi yako na karatasi ya sentensi moja: usomaji wa hadithi yangu umesitishwa kwa "maudhui yasiyofaa". Akaninyang'anya na mswada. Wasikilizaji wakaambiwa umeme umepotea, na taa zote zinawaka.

Maudhui yenyewe ni haya. Zawadi na Rehema ni wanawake wawili, mafundi wa nguo, wanatumia cherehani moja, na wanapendana. Wanajificha kwa sababu wanaishi Kenya. Nakala niliyokuletea uikague niliiona mkononi mwa kijana wako. Kalamu nyekundu imezungushia mahali Zawadi anapomtoa Rehema uzi begani. Uzi, Mheshimiwa.

Sheria naijua. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatishia kifungo cha miaka 14 kwa ngono "kinyume na maumbile", na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Lakini kinaadhibu vitendo vya watu wenye miili. Hawa wangu ni wa wino. Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, kisha inataja yasiyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Nimeutafuta humo uzi wa begani, sijauona.

Mwaka jana, ukumbini humohumo, ilisomwa hadithi ya mtu aliyemkata nduguye panga kwa sababu ya shamba. Ulipiga makofi, ukatoa na cheti. Au kuua si kosa la jinai siku hizi? Septemba 2018 Mahakama Kuu ilipoiondolea filamu ya Rafiki marufuku kwa siku 7 tu, watu walijaa kuwatazama wasichana wawili wa Nairobi wakipendana, kisha wakarudi makwao. Nchi ilikuwepo kesho yake.

Wapo wanaosema ulipigiwa simu na mdhamini. Mimi nashuku uchaguzi wa 2027. Kuna mkubwa asiyetaka kuulizwa habari za ukumbi huo akiwa jukwaani. Lakini ni wewe uliyetuambia waandishi kwamba ukumbi ni wa kila kalamu. Ungesema "isipokuwa ya huyu", ningebaki nyumbani.

Na hiyo nyumba yenyewe sasa ina maswali. Tangu Ijumaa mwenye nyumba anataka kujua naishi na nani, na mbona sijaolewa. Hadithi hajaisoma. Amesikia tu kwamba serikali imeikataa, na hilo limemtosha. Karatasi yako ya sentensi moja inaweza kunitoa kwenye nyumba ninayolipia kodi.

Nilikusudia kudai msamaha wa hadharani, nauli za wageni wangu na tarehe mpya. Nipe basi hata kifungu ulichotumia, kwa maandishi. Kama hicho nacho ni kigumu, nirudishie mswada. Una masahihisho ya mkono ambayo sina kwingine. Uache mapokezi, nitaupitia. Tafadhali, Mheshimiwa, mswada tu.

Wako,
Mwandishi wa Ijumaa