Breki zinalia, sisi tunaongeza sauti ya redio

Ndugu Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi na ule ukurasa wa magari huwa siukosi, ila leo nina lalamiko. Kila nikifungua nakutana na gari jipya linang'aa, bei yake ukiisoma unacheka peke yako, wakati sisi wasomaji wenu tunaendesha Toyota IST na Vitz ambazo Wajapani walishazichoka ndo zikaja huku. Tuandikieni basi na mambo ya hizi gari zetu jamani. Anzeni na breki.

Nasema breki sababu yamenikuta. IST yangu ilianza kulia tairi la mbele kushoto, kamlio kembamba kama filimbi ya trafiki kwa mbali, nikikanyaga breki ndo kanasikika vizuri. Nikapeleka gereji, fundi akafungua tairi, pedi (vile vipande vinavyobana diski gari lisimame) akazipiga msasa, akafanya mambo yake huko chini na koleo, kelele kwisha, nikatoa elfu 15 nikaondoka nafurahi kabisa. Wiki kama sita mbele asubuhi nateremka kutoka Kimara kwenda Ubungo na foleni ile mnayoijua, nakanyaga breki nasikia kwaruuu, kama mtu anaburuza bati kwenye zege, na pedali inatetemeka mguuni. Daladala la mbele yangu nililikosa kwa kiganja hivi.

Kumbe ile kelele ya kwanza haikuwa ubovu. Kwenye pedi nyingi kuna kachuma kadogo kamekunjwa pembeni, pedi ikiwa mpya ina unene wa kama milimita 10 mpaka 12 hivi, ikishakwisha ikabaki 2 au 3 kale kachuma kanaanza kugusa diski, lile sahani la chuma linalozunguka na tairi, na kupiga kelele makusudi, ili ujue muda umefika. Fundi wangu alikakata. Yaani mtoto analia njaa wewe unamziba mdomo.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, anasoma ufundi magari. Alikuja Jumamosi, nikajua nitakaa kivulini nimpikie tu, akaniambia hapana mamdogo, leo spana unashika wewe. Basi nikashika. Kwanza alinisogezesha gari kutoka pale getini penye mteremko tukaiweka sehemu tambarare, gia kwenye P, handibreki juu, mawe nyuma na mbele ya tairi za nyuma. Nati za tairi unazilegeza kabla ya kupiga jeki, spana 21 hiyo, ukisubiri gari liwe juu tairi linazunguka tu na wewe unahangaika. Halafu tairi la spea tukalilaza chini ya chesisi, maana jeki ikichomoka gari linakalia tairi badala ya kukukalia wewe. Hapo nilianza kumheshimu yule mtoto.

Tukafungua bolti ya chini ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi, kalipa ikanyanyuka juu kama mfuniko wa sufuria (ukiitoa nzima ifunge na waya, usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki). Sasa hapa ndo nataka watu wasikie. Pedi ya nje ilikuwa bado ina nyama, ya ndani imebaki chuma kitupu! Wengi tunachungulia kwenye matundu ya rimu tunaona pedi ya nje ipo tunajisifu, kumbe pini ambazo kalipa inatelezea zimekauka kwa vumbi na maji, pedi moja inabeba kazi yote. Tulizisafisha tukazipaka grisi ya breki, pini tu, usoni mwa pedi usiguse na grisi hata kidogo. Lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo, futa na kitambaa chenye maji. Diski yangu ilikuwa ina mifereji unaisikia kwa kucha, ikabidi nirudi kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, kununua diski mbili, hela ambayo ningekuwa nimebadilisha pedi mapema nisingeitoa.

Pistoni, ile inayosukuma pedi, tuliirudisha ndani kwa klampu ya seremala na pedi ya zamani, taratibu, mfuniko wa chupa ya fluidi ya breki ukiwa umefunguliwa na jicho liko pale, ikimwagika inakula rangi ya gari. Na pedi unabadili kulia na kushoto siku hiyo hiyo, ukibadili upande mmoja gari linaweza kuvuta pembeni. Tukamaliza, nikaingia nikawasha, nakanyaga breki inazama mpaka chini kabisa! Moyo ukaruka. Kijana anacheka, ananiambia pampu mamdogo, pampu, mara ya tatu ya nne ikawa ngumu. Ndo ujue mtu akisahau hilo akatoka moja kwa moja barabarani, breki ya kwanza hana.

Sisemi mafundi wote wabaya, na si kila kitu kifanyike nyumbani. Breki za ngoma za tairi za nyuma sikuzigusa, zina masprengi mengi. Pedali ikiwa inazama yenyewe au kuna unyevu ndani ya rimu, usiendeshe, ita fundi aje. Fluidi nayo ikishuka watu wanaongeza tu wanafunga boneti, kumbe inashuka pia sababu pedi zinaisha, au inavuja. Kuna mtu jirani aliongeza oili ya injini humo, mipira yote ikavimba. Na nyie wa kwenda Mbeya na Njombe Desemba, kabla ya mteremko wa Kitonga fungueni tairi muone kwa macho, na kuteremka tumieni gia ndogo, breki ikinuka kama kitu kinaungua ujue imeshachemka, paki sehemu salama ipoe.

Kwa hiyo Mhariri nawaomba nusu ukurasa tu, na picha. Zile pedi zangu za zamani bado ninazo kwenye droo ya jikoni, yenye nyama na iliyobaki chuma, ukiziweka pamoja hata mtoto anaona tofauti. Mkizitaka kwa ajili ya picha nitazileta ofisini kwenu mwenyewe, na IST yangu.

Mama wa IST,
Kimara, Dar es Salaam